UZI: Sanamu nyingi "za Kigiriki" tunazoziona vitabuni zilichongwa kwa ajili ya Warumi. Tuzijadili bila kuzidharau

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kwenye uzi mmoja wa historia humu jukwaani kuna mdau aliweka picha ya yule kijana mrusha kisahani: amejikunja, mkono wa kulia umepaa nyuma, mwili mzima unasubiri kufyatuka. Akaandika chini yake "Myron, Ugiriki, karne ya 5 KK". Mwingine akamkata kauli: "Hiyo ni feki ya Kirumi." Mjadala ukafia hapo. Kwa maoni yangu ndipo ulipotakiwa kuanza, kwa hiyo nimeufungulia uzi wake.

Myron, mchongaji wa Kigiriki, aliisubu sanamu yake kwa shaba iliyochanganywa na bati, kati ya mwaka 460 na 450 KK hivi. Hiyo haipo tena, hakuna hata kidole chake kilichobaki. Tulizonazo ni za marumaru, zilizochongwa karibu miaka mia sita baadaye. Iliyo maarufu zaidi iliibuliwa mwaka 1781 kwenye kilima cha Esquilino jijini Roma, katika ardhi ya familia ya Massimo. Nyingine ilifukuliwa mwaka 1790 huko Tivoli, kwenye makazi ya mashambani ya Kaisari Hadrian. Mwingereza Charles Townley akainunua, na sasa ipo British Museum, London.

Ziweke hizo mbili pamoja kwenye skrini yako uziangalie vichwa. Ile ya Roma imegeuza uso nyuma, inakitazama kisahani. Ile ya London inatazama chini mbele yake. Kilichotokea ni kwamba ya London ilirekebishwa karne ya 18, na fundi akaunganisha kichwa kwa mkao usio wake. Tunajuaje kwamba ya Roma ndiyo sahihi? Lucian, mwandishi wa karne ya 2 BK, aliieleza sanamu ya Myron kwa maneno: mtu aliyeinama akijiandaa kurusha, uso ameuelekeza kwenye mkono wenye kisahani, mguu mmoja umekunjwa kidogo. Ile ya 1781 ilipotoka ardhini, wasomi wa Roma waliisoma sentensi hiyo wakiwa mbele ya jiwe, wakaitambua. Kama si hiyo nakala, Mrusha Kisahani wa Myron angekuwa kwetu sentensi tupu ndani ya kitabu cha kale.

Za asili zilikwenda wapi? Shaba ni mali, wakuu. Sanamu ikivunjwa na kuyeyushwa unapata sarafu, silaha, misumari, masufuria. Pliny, Mrumi aliyekusanya maarifa ya zama zake, anasema mchongaji wa Kigiriki Lysippos peke yake alitengeneza kazi 1,500. Leo hakuna hata moja ambayo wataalamu wote wanakubaliana kuwa imetoka mkononi mwake. Tulizobakiwa nazo ni zile zilizofukiwa na ardhi au kumezwa na bahari: Mwendesha Gari la Farasi wa Delphi aliyefukuliwa mwaka 1896, wale wapiganaji wawili walioonwa na mzamiaji mwaka 1972 karibu na Riace, kusini mwa Italia, na nyingine chache.

Marumaru nayo haikusalimika. Zama za Kati, Roma ilikuwa na matanuri ya kuchoma marumaru kupata chokaa ya kujengea. Mtu wa pwani yetu anayejua tanuu la chokaa, matumbawe yanavyopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yasagike, ataielewa kazi hiyo mara moja. Kule kilichopangwa juu ya moto kilikuwa mikono, vichwa na viwiliwili. Inaniuma kila ninapolifikiria hilo.

Sasa, Warumi walianzaje? Kwa vita. Mwaka 212 KK jenerali wao Marcellus aliiteka Syracuse, mji wa Kigiriki kisiwani Sicily, akarudi nyumbani na shehena ya sanamu. Mwaka 146 KK Lucius Mummius aliiteka Korintho na kuiteketeza. Kuna kisa chake kilichoandikwa na mwanahistoria wa Kirumi Velleius Paterculus: wakati wa kupakia melini sanamu na michoro ya mabingwa, aliwaonya wenye tenda ya usafirishaji kwamba wakipoteza kitu watakuja kukirudisha kipya. Warumi waliokuja baadaye walikisimulia kisa hicho kuonyesha jinsi jenerali wao alivyokuwa mshamba wa sanaa.

Chini ya karne moja baadaye mambo yamebadilika kabisa. Mwaka 67 KK Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, anamwandikia rafiki yake Atticus aliyeko Athene, anamkumbusha kuhusu sanamu za nyumba yake ya Tusculum. Amelipa sesterti (sarafu za Kirumi) 20,400 kwa sanamu kutoka Megara. Katika barua hizo hashughuliki na jina la mchongaji. Anataka vitu vinavyofaa mahali pa mazoezi na mahali pa kusomea, vyenye sura ya Ugiriki, na anataka vifike haraka.

Mapenzi hayo hayakuwa ya matajiri peke yao. Sanamu ya Lysippos ya mwanariadha anayejikwangua mafuta na vumbi mwilini ilisimama mbele ya hamamu ya Agrippa, kila mtu akiiona. Kaisari Tiberius akaipenda mno, akaihamishia chumbani kwake. Pliny anasema watu walipiga kelele kwenye jumba la maonyesho wakidai irudishwe, mpaka Kaisari mwenyewe akairudisha. Fikirieni: umati wa Roma unamzomea mtawala kwa sababu ya sanamu.

Lakini za asili zilikuwa chache, na wenyewe walizing'ang'ania. Mfalme Nikomedes alijitolea kuwalipia watu wa Knidos deni lote la mji wao ili wampe sanamu ya mungu wa kike Afrodite iliyochongwa na Praxiteles. Wakakataa. Kama mfalme kanyimwa, tajiri wa kawaida wa Roma mwenye bustani mpya atafanyaje? Ataagiza nakala. Na hapo ndipo kazi kubwa ya mafundi hawa ilipoanzia.

Karibuni tuchangie. Nitajibu kila swali ninaloliweza.

#2 – Mdau wa Tanga

Mkuu, uzi umeshiba. Lakini mimi bado niko upande wa yule aliyesema feki. Nakala ni nakala. Aliyekesha akibuni ni Myron, aliyepata wazo la kumsimamisha mtu katikati ya mwendo ni Myron. Huyu wa baadaye alifuata njia iliyokwishafyekwa. Heshima yake ni ipi hasa?

#3 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Tanga, sikupingi kuhusu Myron. Wazo ni lake na hakuna anayemnyang'anya. Ila nenda Naples, kwenye makumbusho ya taifa ya akiolojia, ukasimame mbele ya Herakle wa Farnese, sanamu ya yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, halafu turudi tuzungumze.

Ina urefu wa mita 3.17. Ilipatikana mwaka 1546 kwenye hamamu ya Caracalla jijini Roma, iliyofunguliwa mwaka 216 BK. Herakle amechoka. Ameegemea rungu lililofunikwa ngozi ya simba, kichwa kimeinama, mkono wa kulia ameuficha nyuma. Ukiwa mbele unaona mtu mwenye nguvu zote za dunia ambaye hana hamu ya chochote. Ukizunguka nyuma unaona vidole vyake vimeshika matufaha ya Hesperide aliyotumwa kuyaleta, yaani kazi ngumu kuliko zote ameshaimaliza, na bado amechoka.

Muundo huo ni wa Lysippos, karne ya 4 KK. Lakini kwenye mwamba chini ya rungu kuna maandishi ya Kigiriki: Glykon Mwathene ameitengeneza. Jina la Lysippos halipo. Glykon aliliandika lake, na alikuwa na haki. Misuli ile iliyovimba kupita kiasi, kifua kama ukuta, ni uamuzi wa mtu aliyejua kwamba sanamu itasimama kwenye ukumbi mkubwa sana wenye mvuke na kelele, na itaangaliwa kutoka mbali. Sanamu ya ukubwa wa kawaida yenye misuli ya kawaida ingemezwa na jengo lile.

Na hakuwa peke yake. Apollonios mwana wa Archias, Mwathene pia, alitia jina lake kwenye kichwa cha shaba kilichonakiliwa kutoka kwa Mbeba Mkuki, sanamu ya kijana mwenye mkuki ya mchongaji wa Kigiriki Polykleitos wa karne ya 5 KK; kichwa hicho kilipatikana Herculaneum, mji wa kale karibu na Naples. Sosikles aliandika lake kwenye sanamu ya Amazoni (mwanamke mpiganaji wa hadithi za Kigiriki) aliyejeruhiwa, ambaye yupo Roma kwenye makumbusho ya Capitolini. Mafundi hawa wengi wao walikuwa Wagiriki. Tukisema "nakala ya Kirumi" tunasema juu ya zama na mteja. Mkono uliochonga mara nyingi ulikuwa wa mtu wa Athene au wa miji ya Kigiriki ya Asia Ndogo.

Halafu kuna kazi ambazo hata kuziita nakala unapata shida. Ile sanamu ya Kaisari Augusto iliyopatikana mwaka 1863 huko Prima Porta, kwenye nyumba ya mkewe Livia: miguu, nyonga, uzito ulivyolala upande mmoja, yote ni Mbeba Mkuki. Mchongaji amemvisha deraya, amemwinua mkono kama anayehutubia jeshi, amempa sura ya Augusto. Mrumi msomi aliyeiona alimtambua Polykleitos mara moja na akaelewa Kaisari anataka kusema nini juu yake mwenyewe. Huo si uvivu wa kubuni.

#4 – Fundi wa mpingo

Nimepita kimyakimya ila hapa nimeshindwa kunyamaza. Mimi nachonga mpingo. Kitu kinachonisumbua kwenye picha za sanamu hizi ni lile gogo. Kila kijana uchi ana gogo la mti nyuma ya mguu! Mtu anarusha kisahani uwanjani, gogo limetoka wapi? Na la pili: walipimaje? Mimi nikitaka kurudia kinyago changu mwenyewe, cha pili kinatoka kivyake. Hawa wanarudia cha mtu aliyekufa miaka mia tano iliyopita, tena kilichopo nchi nyingine.

#5 – Mleta uzi

Fundi, asante sana. Umegusa kiini cha jambo hili.

Gogo kwanza. Sanamu ya shaba ni tupu ndani. Kuta zake ni nyembamba, milimita chache, na shaba inavumilia kuvutwa na kupindwa: unaweza kumsimamisha mtu kwa mguu mmoja, mikono ameitanua, na kinachomshikilia ni miguu iliyofungwa kwa madini ya risasi kwenye kitako. Marumaru ni jambo jingine. Mita moja ya ujazo ina uzito wa karibu tani 2.7. Jiwe hilo linavumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa wala kupindwa. Kiwiliwili kizima, mapaja, kifua na kichwa vinashuka kwenye vifundo viwili vya miguu vyenye unene wa mkono wa mtu. Kifundo kitakatika, kama si leo basi siku mtu atakapoisukuma. Kwa hiyo mchongaji anaacha sehemu ya jiwe nyuma ya mguu, na ili isikae kama nguzo isiyo na maana anaichonga iwe kisiki.

Mtazame Mbeba Mkuki wa Naples, aliyetoka Pompeii mwaka 1797, mwenye mita 2.12. Mguu wa kulia ndio wenye uzito, na kisiki kiko hapohapo nyuma yake. Sasa shusha macho kutoka bega la kulia hadi kifundo cha mkono: utaona kijiti cha jiwe kinachounganisha mkono na nyonga. Hicho hakikuwapo kwenye shaba ya Polykleitos. Ni kiegemeo, mchongaji alikiacha ili mkono usivunjike njiani au wakati wa kuisimamisha sanamu. Mimi nakipenda kijiti hicho. Ndicho kinachonionyesha mtu aliyekuwa akifikiria kazi yake: hapa nisipoacha kitu, patavunjika.

Wengine walikifanya kisiki kizungumze. Apollo wa Belvedere aliyeko Vatikani ana nyoka anayepanda kwenye kisiki chake, na nyoka kwa mungu huyo ana maana, kwani hadithi zinasema alimuua joka Python. Ila ninyi mnaosoma msije mkashika kwamba kila penye kisiki pana nakala. Sanamu ya marumaru iliyobuniwa tangu mwanzo kwa marumaru nayo huhitaji kushikiliwa. Hermes aliyepatikana Olympia mwaka 1877, ndani ya hekalu la Hera, pale ambapo msafiri Pausanias aliandika kuwa aliona Hermes wa Praxiteles, ana kisiki kilichofunikwa nguo na ana kiegemeo kwenye nyonga. Wataalamu wamegombana karibu miaka mia moja kama ni mkono wa Praxiteles au wa mtu wa baadaye.

Sasa kupima. Hatua ya kwanza ni kalibu. Unaipaka sanamu ya shaba kitu cha kuizuia isishike, unaibandika kalibu vipandevipande, unazitoa, unamimina plasta ya jasi ndani yake. Unapata sanamu ya plasta yenye umbo lilelile, nyepesi, inayosafiri kwa meli. Lucian anatutajia Hermes wa shaba aliyesimama sokoni Athene, ambaye mwili wake kila siku ulikuwa umejaa lami kwa sababu wachongaji hawakuacha kumchukulia kalibu. Ndiyo kusema kazi hiyo ilifanyika hadharani, watu wakipita na vikapu vyao.

Kwa muda mrefu hayo yalikuwa maneno ya vitabuni. Mwaka 1954, huko Baiae karibu na Naples, zikafukuliwa takataka za karakana: mamia ya vipande vya plasta. Kimojawapo ni kipande cha uso. Gisela Richter, mtaalamu wa sanaa ya kale, alikitambua: ni Aristogeiton, mmoja wa wale wawili waliomuua Hipparkhos, ndugu wa mtawala wa Athene. Shaba yao ilitengenezwa na Kritios na Nesiotes mwaka 477 KK, na imeshapotea. Kwa hiyo plasta ile iligusana, kupitia kalibu, na kitu ambacho hakuna jicho la mtu wa leo limekiona. Mtaalamu mwingine, Christa Landwehr, alivichambua vipande vyote na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Miongoni mwa vipande hivyo vimo pia vya Amazoni. Kwangu mimi hakuna ugunduzi mzito zaidi ya huo katika suala hili lote.

Ukishakuwa na plasta, unaiweka karibu na bonge la marumaru. Unachagua alama: ncha ya pua, bega, goti, kitovu. Kwa timazi na bikari unapima umbali kutoka alama tatu hadi ya nne, unauhamishia kwenye jiwe, unatoboa kwa keekee mpaka kina kinachotakiwa, unasimama kidogo kabla ya kufika. Halafu unakula jiwe kwa tindo ya ncha, unafuatia tindo ya meno, kisha tupa, kisha mchanga wa kusugulia. Kuna sanamu ambazo hazikumalizwa, na juu yake vimebaki vinundu vya kupimia, kwenye nywele au kidevuni, fundi hakuwahi kurudi kuvifuta.

Lakini, fundi, utanielewa: alama zenyewe zilikuwa chache. Kati ya alama na alama ni jicho na mkono. Ndiyo maana Mrusha Kisahani wa Roma na wa London hawafanani kwenye mbavu, kwenye mshipa wa mkono, kwenye ubapa wa tumbo. Nywele ndizo zinazomtoa mtu siri. Ukiona misokoto imechimbwa kwa keekee mpaka ndani pamekuwa peusi kwa kivuli, ujue uko karne ya 2 BK kwenda mbele. Ladha ya zama zake imeingia mkononi bila yeye kuiita. Kwa hiyo kinyago chako cha pili kutoka kivyake si upungufu wako. Hata wao ilikuwa hivyo.

#6 – Fundi wa mpingo

Nimekuelewa vizuri sana. Hicho kijiti cha mkononi nimekiona sasa kwenye picha, sikuwahi kukigundua. Sisi pia tunaacha daraja la mti mahali pembamba, ila tunalikata mwishoni.

#7 – Mdau wa Tanga

Sawa mkuu, kwenye ufundi umenishinda. Ila kuna jambo linanikwaza. Shaba ya asili hakuna. Jina halikuandikwa kwenye marumaru. Sasa nani aliamua kwamba huyu wa Pompeii ni Mbeba Mkuki wa Polykleitos? Isije ikawa Warumi walibuni wenyewe na sisi tunawapa Wagiriki sifa za bure.

#8 – Mleta uzi

Swali hili limewatoa jasho maprofesa, na kusema kweli bado linawatoa.

Sanamu ya Pompeii ilikaa zaidi ya miaka sitini bila jina lake. Mwaka 1863 Mjerumani Karl Friederichs ndiye aliyeunganisha: maandishi ya kale yanamtaja kijana wa Polykleitos mwenye mkuki, na hapa kuna umbo moja lililorudiwa mara nyingi katika nchi nyingi, kwa vipimo vilevile, lenye mkono wa kushoto uliokunjwa kama ulioshika kitu kirefu. Umbo likirudiwa vile lazima chanzo kilikuwa mashuhuri. Hiyo ndiyo hoja, na kwa Mbeba Mkuki imesimama.

Kisha akaja Adolf Furtwängler, ambaye mwaka 1893 alichapisha kazi kubwa iliyoifanya njia hiyo kuwa fani kamili. Unakusanya nakala zote za umbo moja, unalinganisha mkunjo kwa mkunjo, unatupa kilichoongezwa na kila fundi, unabaki na kile wanachokubaliana wote. Alikwenda mbali. Alichukua kichwa cha marumaru kilichokuwa Bologna akakiunganisha na kiwiliwili cha Athena kilichokuwa Dresden, akatangaza kwamba ni Athena Lemnia, sanamu ya mungu wa kike Athena ya Phidias, mchongaji mkubwa wa Athene. Kwamba kichwa na mwili ni vya umbo moja, wengi walimkubali, ingawa wapo waliokuja kumpinga. Kwamba ni Phidias, hapo ni imani zaidi ya ushahidi.

Chukua pia Amazoni wa Efeso. Pliny anasema wachongaji kadhaa walishindana, Polykleitos, Phidias na Kresilas wakiwemo, kisha wakaambiwa wapige kura wenyewe. Kila mmoja alijipa nafasi ya kwanza na akampa Polykleitos ya pili, kwa hiyo Polykleitos akashinda. Kisa kitamu. Nakala za Kirumi zinatupa maumbo kadhaa ya Amazoni aliyejeruhiwa. Yupi ni wa nani? Kila mtaalamu ana jibu lake, na mengine yamebadilika mara nyingi.

Tangu miaka ya 1970 na 1980 wamejitokeza wataalamu kama Brunilde Ridgway na Miranda Marvin waliosema kile ulichosema wewe: tumezoea kuona chanzo cha Kigiriki hata pale pasipo na chanzo. Warumi waliweza kubuni kwa mtindo wa Kigiriki bila kunakili sanamu yoyote moja. Naona wana haki kwa sehemu kubwa. Sanamu nyingi za bustani hazina mzazi wa karne ya 5 KK, na zimelazimishwa kuwa naye.

Ila wasituvute mpaka upande wa pili, tukaamini hakuna nakala ya kuaminika. Kuna mahali tunaweza kupima. Wale wanawake wa jiwe wanaobeba paa la hekalu la Erechtheion, juu ya Akropoli ya Athene, ni wa mwishoni mwa karne ya 5 KK na bado wapo: mmoja London, waliobaki Makumbusho ya Akropoli. Augusto aliwanakilisha kwa ajili ya uwanja wake uliozinduliwa mwaka 2 KK. Hadrian naye akawaweka ukingoni mwa bwawa lake huko Tivoli. Hapo tuna asili na nakala kwa pamoja, na mikunjo ya nguo inafuatana kwa uaminifu wa kushangaza.

Tena nakala zikatulipa. Wanawake wa Athene wamepoteza mikono yao yote. Kwa karne nyingi watu walibuni tu walishika nini. Za Tivoli zilipofukuliwa mwaka 1952, mikono ilikuwepo: mkono mmoja umeshika pindo la nguo, mwingine bakuli la kumiminia sadaka. Hivyo jambo ambalo jiwe la Athene lenyewe limelisahau, tumelijua kutoka kwa fundi wa Hadrian.

#9 – Mgeni jukwaani

Samahanini wakuu, naingilia. Kwa hiyo zote zilikuwa nyeupe pee namna hii? Maana kwenye picha zinang'aa kama sabuni.

#10 – Mleta uzi

Karibu sana. Hapana, zilipakwa rangi. Augusto wa Prima Porta alipotoka ardhini alikuwa na mabaki ya nyekundu na buluu ambayo yanaonekana hadi leo. Mwaka 2006 huko Herculaneum kilipatikana kichwa cha Amazoni chenye nywele zilizopakwa rangi nyekundu ya kahawia, na macho yamechorwa mpaka kope. Shaba nazo zilikuwa na rangi zake: wale wapiganaji wa Riace wana midomo na chuchu za shaba nyekundu, na mmoja ana meno ya fedha. Weupe tunaouona umeletwa na udongo, mvua, na mafundi wa karne za nyuma waliosugua kupita kiasi wakidhani wanasafisha. Winckelmann, aliyeandika historia maarufu ya sanaa ya kale mwaka 1764, aliusifu sana weupe huo, na sehemu kubwa ya alichokiona kwa macho yake ilikuwa marumaru za zama za Kirumi huko Italia. Ulaya nzima ikafuata.

#11 – Mdau wa Minnesota

Nimefurahi kuukuta uzi huu. Mimi naishi Marekani, Minnesota. Huyo Mbeba Mkuki mnayemzungumzia, mwenzake yupo hapa kwenye makumbusho ya sanaa ya Minneapolis. Nilikwenda na watoto. Uso una utulivu ambao picha haiuonyeshi. Nasikia Italia wanamdai. Ni kweli?

#12 – Mleta uzi

Ni kweli, dada au kaka yangu. Makumbusho hayo yaliinunua mwaka 1986 kwa dola milioni 2.5. Upande wa Italia unasema ilifukuliwa kinyume cha sheria miaka ya 1970 huko Castellammare di Stabia, eneo la Stabiae ya kale iliyofunikwa na Vesuvio pamoja na Pompeii, na mwaka 2022 mahakama ya kule ilitoa amri ikamatwe na irudishwe. Makumbusho yanasema hayajaonyeshwa ushahidi wa kutosha.

Italia ina sababu ya kuwa na uchungu. Mrusha Kisahani wa familia ya Massimo aliuzwa kwa Hitler mwaka 1938 kwa lira milioni 5, kwa msukumo wa Ciano, waziri wa mambo ya nje, huku waziri wa elimu, Bottai, akipinga. Ilipelekwa Munich ikaonyeshwa kama mfano wa mwili bora wa Kijerumani, kitu ambacho haikuwa kwa namna yoyote ile. Ilirudi Roma mwaka 1948.

Kuhusu Mbeba Mkuki wa hapo kwenu, msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili ziweke nyaraka mezani, za ufukuzi na za ununuzi, watu wazisome. Sanamu iliyofukuliwa kwa siri imepoteza kitu ambacho hakirudi hata ikirejeshwa: ilisimama chumba gani, ilitazama wapi, nani alipita mbele yake kila asubuhi. Kwa nakala hizi hilo ni nusu ya habari yake. Yule wa Naples tunajua alisimama mahali pa mazoezi ya vijana wa Pompeii, na kwa hiyo tunajua alikuwa pale ili wamwone. Wa kwenu ni mzuri, wengi wanamwona bora kuliko yule, na hatujui hata ukuta uliokuwa nyuma yake.